Makaa, gesi, koili ama presha kuka: joto ulilolipia linaingia sufuriani kiasi gani?

Jirani yangu hapa Walukuba, mtaa wa Jinja, Uganda, mama anayeuza chai na chapati kando ya barabara, alinisimamisha asubuhi moja nikienda shule akaniuliza, mwalimu, wewe si unafundisha watoto mambo ya joto, sasa niambie, ninunue mtungi wa gesi ama nibaki na sigiri yangu, maana gunia la makaa limepanda tena na kijana wangu wa Kampala anasema nichukue jiko la umeme. Nikamwambia haraka haraka mama chukua gesi, nikaondoka, alafu njia yote mpaka Jinja mjini moyo ulikuwa unanisumbua kwa sababu sikumuuliza chochote. Sikumuuliza anapika nini, kwa sufuria gani, pale anapokaa umeme uko ama hauko, pesa yake inaingia kila siku ama mwisho wa mwezi. Na mimi ndo ninawaambia watoto wa S2 (sekondari mwaka wa pili) kila muhula kwamba kabla ya kuandika jibu andika kwanza ulichopewa.

Jioni nikakaa na daftari nikafanya hesabu yote vizuri. Nimeiandika hapa maana najua hayuko peke yake, kila nyumba ninayoingia watu wamekwama palepale.

Kwanza tupatane tunapima nini

Cha kwanza ni ufanisi, yani kwa joto lote ulilonunua, kiasi gani kimeingia kwenye chakula. Kilo moja ya makaa iko na kama megajuli 29 za nishati (megajuli ni kipimo cha nishati, moja ni kilojuli 1,000). Zikiingia sufuriani 5, zile 24 zingine hazikufutika duniani, nishati haifutiki, zimeenda kupasha ukuta, hewa na miguu yako, na wewe ulizilipia zote.

Cha pili ni kama moto unashuka ukitaka ushuke. Hapa naomba tukae kidogo kwa sababu ndipo pesa nyingi inapotelea na watu hawaoni. Maji hapa Jinja yanachemka kwa kama digrii 96, sio ile 100 ya kitabu, kwa sababu tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na hewa inayokandamiza maji imepungua nguvu kidogo. Yakishafika hapo, hata uongeze makaa debe zima hayapandi tena, joto lote unaloongeza linafanya kazi moja tu ya kugeuza maji kuwa mvuke. Na mvuke unakula joto sana. Kutoa lita moja ya maji kwa digrii 22 mpaka 96 ni kama kilojuli 310. Kuigeuza hio lita yote kuwa mvuke ni kama kilojuli 2,260, zaidi ya mara saba! Kwa hiyo ukiacha maharage yanachemka kwa fujo bila kifuniko mpaka lita moja imekauka, alafu ukaongeza maji mengine, umetupa joto ambalo lingechemsha lita saba za chai kutoka baridi, na maharage hayajaiva haraka hata kidogo kwa sababu muda wote yalikuwa kwenye digrii zilezile 96. Yanayochemka polepole na yanayochemka kwa fujo yanaiva sawa. Kila mwaka nikifika hapa darasani kuna mtoto anasema, mwalimu, nikimwambia mama hatakubali. Basi mwambie apime siku moja, sufuria mbili, kiasi kimoja cha maharage.

Cha tatu ni bei ya joto lililofika sufuriani, na pia pesa unatoaje, kidogo kidogo ama kwa mpigo. Cha nne ni chakula chenyewe, maana posho (ugali) ya kusonga na maharage ya saa tatu ni kazi mbili tofauti kabisa. Cha tano ni hatari, na hiyo sitaificha kwa jiko lolote.

Ili wote wapimwe kwa mtihani mmoja nimechukua lita 5 za maji kutoka digrii 22 hadi 96. Hizo zinahitaji kama megajuli 1.55, jiko likiwa lolote. Jiko linabadilisha tu ni kiasi gani utanunua ili hizo 1.55 zifike.

Sigiri ya makaa

Makaa yakishashika vizuri hayatoi moto mrefu, yanang'aa mekundu tu, na joto linaruka kutoka kwa makaa hadi tako la sufuria vilevile joto la jua linavyotufikia, darasani tunasema radiesheni. Ndo maana umbali una maana sana. Makaa yakiungua yakashuka chini, sufuria imebaki huko juu, joto kubwa linaenda pembeni. Alafu kuna mwili wa sigiri. Ile ya bati tupu inakuwa moto yote, ukikaa karibu unasikia miguu inaungua, na hilo joto la miguu ni chai yako. Ufanisi wake uko kama asilimia 15 mpaka 20, kwa hiyo kilo moja inakupa megajuli 5 hivi. Ile iliyojengwa na udongo mnene ndani inafika karibu 30, kilo ileile inakupa 8 na zaidi, na siri ni udongo tu, haupitishi joto haraka kama bati, unalizuia libaki kwa makaa. Kwa mtihani wetu sigiri ya bati ilitaka gramu 300 na kidogo, ya udongo kama 180. Lakini angalia udongo ukipasuka na vipande vikianza kuanguka, hapo umerudi kwa sigiri ya bati hata kama nje bado inaonekana nzuri.

Kushusha moto ni kazi. Kamlango kale ka chini ukikafunga, hewa inapungua na makaa yanatulia, wengi hawakafungi kabisa, lakini hata ukifunga inachukua dakika nyingi. Na chakula kikishaiva makaa yanaendelea kuungua bure. Nimeona watu wanayazima kwa kufunika na sufuria kuukuu kisha kesho wanayatumia tena, hiyo ni akili safi, usimwage maji juu yake maana utapasua udongo.

Kwa pesa makaa yako na uzuri mmoja mkubwa ambao sisi tunaolipwa mwisho wa mwezi tunausahau: unanunua kavera (mfuko wa plastiki) moja leo, kesho nyingine. Mtu anayeshika sente ya siku kwa siku hawezi kuambiwa tu atoe pesa ya mtungi mzima mara moja. Na sigiri inabeba sufuria kubwa ya msiba, inachoma mahindi, inapika matoke yaliyofungwa kwa majani ya migomba kwa moto wa taratibu. Hapo niseme kitu juu ya matoke, kwa sababu naheshimu sana akili iliyogundua ile njia. Maji yako chini kidogo tu, mvuke unapanda, unagusa majani, unageuka maji tena, na ukigeuka unarudisha zile kilojuli 2,260 kwa kila lita, zote zinaingia kwenye chakula. Majani yamefunga juu kabisa, yanashika joto lisitoke. Mabibi zetu walikuwa wanafanya hivi muda mrefu sana kabla mtu hajatuletea kitabu cha fizikia.

Ubaya wake mkubwa ni mti. Tanuri la udongo la kijijini linataka kilo 5 mpaka 10 za kuni kutoa kilo moja ya makaa. Chukua kilo 7 hapo katikati, hizo kuni zilikuwa na kama megajuli 110, na sufuriani kwa sigiri ya bati zimefika 5. Chini ya asilimia 5 kutoka kwa mti mpaka kwa chai, banange! Mwaka 2023 Rais Museveni alipiga marufuku kuchoma makaa ya biashara kule kaskazini, na ukiangalia hio hesabu unaelewa kwa nini misitu ya Acholi ilikuwa inaisha.

Hatari yake ni moja na inaua: kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, na makaa yanaitoa hata yakiwa mekundu bila moshi wowote, kwa kweli hapo ndo watu wanadanganyika wakidhani sigiri imekuwa salama. Usiingize sigiri ndani ya chumba kilichofungwa, hata usiku wa mvua, hata dakika chache za kupasha chumba, na mtoto usimlaze nayo.

Inamfaa nani: anayepika nje ama barandani, anayenunua kwa siku, anayepika kwa sufuria kubwa ama vitu vya moto wa taratibu. Lakini iwe ya udongo, sioni sababu ya mtu kununua ya bati tupu leo.

Kuni za mafiga matatu nitazipitia haraka. Kilo ya kuni kavu iko na kama megajuli 16, ufanisi uko kama asilimia 10 mpaka 15, kwa hiyo sufuriani zinafika 2 hivi. Kijijini kuni ziko shambani bure na hilo si jambo dogo, lakini kama uko huko kitu cha kwanza ni kuzikausha kabisa, kuni mbichi zinatumia joto lao kukausha maji yao wenyewe kwanza, ileile hesabu ya mvuke. Cha pili zungushia mafiga ukuta wa udongo upepo usichukue moto.

Gesi

Hapa joto linabebwa na hewa ya moto inayopanda, inagusa tako la sufuria, inaacha joto, inaondoka. Konveksheni. Kama sufuria ni ndogo na moto umefunguliwa mpaka unalamba pembeni, ile inayolamba pembeni imeshaondoka na pesa yako, kwa hiyo moto usizidi tako la sufuria. Ufanisi ni kama asilimia 50 mpaka 60. Kilo moja ya gesi iko na megajuli 46, sufuriani zinafika kama 25, mtihani wetu ulitaka gramu 62 tu. Mtungi wa kilo 6 kwa hiyo unabeba megajuli kama 150 za kupika, sawa na makaa kilo 30 kwa sigiri ya bati ama kilo 17 na kitu kwa ile ya udongo. Watu wakiona ule mtungi mdogo na gunia lile kubwa wanakataa, lakini ndo hivyo.

Kushusha moto, gesi inashinda zote ninazozijua kwa sababu ya koki yake. Unazungusha kidole, maharage yanatulia, unazima, imezima. Umeme ukienda haijali. Posho inasongwa vizuri, mayai, mboga, chai ya asubuhi kabla watoto hawajaenda shule, zote iko sawa.

Kwa mfuko shida ni kwamba inataka pesa kwa mpigo, mara ya kwanza zaidi kwa sababu kuna mtungi wenyewe, bomba na jiko, alafu kila kujaza ni pesa ya pamoja. Na inaisha bila kuaga. Dawa ni mzani: kila mtungi umeandikwa uzito wake ukiwa mtupu, upime, toa, kilichobaki ni gesi yako. Fanya hivyo pia siku unanunua, palepale dukani, kabla hujapanda boda. Mimi niliwahi kuletewa mtungi ambao nilipoupima nyumbani ulikuwa na pungufu ya karibu kilo nzima, na nilikuwa sina tena pa kulalamikia maana nilishaondoka.

Hatari: gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka inajaa chini kama maji, kwa hiyo dirisha la juu peke yake halitoshi, hewa lazima ipite chini mlangoni. Harufu ile mbaya imewekwa makusudi ili ujue. Ukisikia harufu usiwashe kitu, hata taa, funga mtungi, fungua mlango, toka. Kupima kama bomba linavuja tumia povu la sabuni, kamwe usitumie kibiriti.

Inamfaa nani: nyumba ya watu watatu mpaka sita, mtu mwenye haraka asubuhi, mtu ambaye umeme wake unakatika, na mtu anayeweza kuweka pembeni pesa ya kujaza kidogo kidogo kabla haijaisha.

Koili ya umeme

Hii ndo ile ya sahani ama waya unaozunguka, wati 1,000 mpaka 2,000. Umeme unapita kwa waya wenye ukinzani na wote unageuka joto, hapo hakuna kinachopotea. Kinachopotea ni kati ya koili na sufuria, kwa sababu joto linapita kwa kugusana, kondaksheni, na sufuria zetu nyingi za alumini tako limebonyea, zinagusa sehemu tatu nne tu na kwingine kuna hewa, na hewa ni mpitishaji mbaya. Sufuria ya tako bapa inafika asilimia 70 hivi, iliyobonyea inashuka sana. Unit moja ya yaka (umeme wa kulipia kabla) ni megajuli 3.6, sufuriani zinafika kama 2.5, mtihani wetu ulikula unit 0.6. Hili neno juli linatoka kwa jina la James Prescott Joule wa Uingereza, ambaye miaka ya 1840 alionyesha kwa majaribio kwamba kazi na joto ni kitu kimoja kinachobadilisha nguo. Sisi wa Jinja tunapaswa kulielewa zaidi ya wote, maji yanaanguka pale kwenye bwawa la umeme la Nalubaale tangu 1954, yanazungusha turbaini, na nyumbani kwako yanatokea kama chai.

Kushusha moto inawezekana lakini sahani inachelewa kupoa. Tumia hilo, zima dakika tano kabla chakula hakijaiva, joto lililobaki litamaliza.

Hatari iko ndani ya ukuta. Koili ya wati 2,000 kwa umeme wetu wa volti 240 inavuta ampea 8 na zaidi, na nyumba nyingi za mizigo (vyumba vya kupanga) zina waya mwembamba uliowekwa kwa ajili ya balbu na simu. Joto linalozaliwa kwenye waya linapanda kwa mraba wa ampea, yani ampea zikizidi mara mbili joto la waya linazidi mara nne. Nilipokuwa napanga zamani soketi yangu iliyeyuka mpaka ikaacha alama nyeusi ukutani, nilikuwa nimechomeka koili na pasi kwenye ekstensheni moja. Gusa plagi baada ya robo saa ya kupika, ikiwa ya moto acha.

Inamfaa nani: anayepika vitu vya haraka kama mayai, chai na mchele kidogo, mwenye waya mzuri, na mwenye kitu kingine cha kukimbilia umeme ukienda. Kwa maharage ya saa tatu koili inakula unit moja na nusu mpaka mbili, sipendekezi.

Kuna ile ya indaksheni pia, inapasha sufuria yenyewe kwa sumaku na ufanisi wake uko juu, asilimia 80 na kitu, lakini sufuria za alumini haizioni kabisa. Chukua sumaku ndogo, isipong'ang'ania tako la sufuria zako basi bei ya jiko uongeze na bei ya sufuria mpya.

Presha kuka ya umeme

Wazo lenyewe ni la zamani, Mfaransa Denis Papin alilionyesha mwaka 1679. Ukifunga mvuke usitoke, msukumo unapanda, na maji sasa yanakataa kuchemka kwa 96, yanapanda mpaka kama 115 hivi. Maharage kwa digrii hizo yanaiva kwa muda mfupi sana ukilinganisha na sufuria ya wazi. Na kumbuka ile hesabu ya mvuke, hapa mvuke hautoki karibu kabisa, ile kilojuli 2,260 hulipi. Alafu chungu kimezungushiwa ukuta unaozuia joto kutoka, kikishapanda kinazima chenyewe, kinawaka kidogo, kinazima tena.

Hapa watu wanaogopa maandishi. Wanaona wati 1,000 wanasema itamaliza yaka. Wati ni mwendo tu, kama spidi ya boda, unit ndo umbali. Boda ya spidi kubwa inayosimama nusu ya safari haikufika mbali. Nimepima kwa mita yangu, kilo moja ya maharage makavu yaliyolowekwa usiku, kuanzia kuwasha mpaka kuiva, ni kama nusu unit. Yaleyale kwa sigiri ya bati yanakula kilo ya makaa na kuzidi. Mtu wa Kabale ama Kisoro hii inamfaa zaidi yetu, kule juu maji yanachemka kwa kama 93 na maharage ya sufuria ya wazi yanachosha kweli.

Kwa chakula ina mipaka. Lita 5 ama 6 ndo zipo nyingi, posho ya watu kumi haiingii, chapati haiwezekani, na kusonga posho ndani yake utaharibu chungu. Matoke yanaiva ndani yake vizuri, ila wazee wangu wamekataa kuyaita matoke. Bei ya kuinunua iko juu na umeme ukikatika katikati inasimama, ingawa ikikatika wakati imeshapanda joto linabaki ndani na chakula kinaendelea kuiva kwa muda.

Hatari: usilazimishe kifuniko kufunguka. Subiri kipini cha msukumo kishuke chenyewe. Na ule mpira wa pembeni uoshe, valvu ya mvuke iangalie isizibwe na maganda ya maharage.

Inamfaa nani: nyumba inayokula maharage, nyama ngumu, kwato na njugu mara nyingi kwa wiki, mwanafunzi mwenye chumba kimoja chenye soketi nzuri, mtu anayetoka kazini saa kumi na mbili jioni.

Sasa bei

Bei za vitu zinabadilika kila mtaa kwa hiyo nakupa mizani, wewe weka bei za kwako. Joto linaloingia sufuriani kutoka kilo moja ya gesi ni sawa na kilo 5 za makaa kwa sigiri ya bati, ama kilo 3 kwa sigiri ya udongo, ama unit 10 za koili. Basi uliza kilo ya gesi ni ngapi na kilo ya makaa ni ngapi hapo kwako, makaa yapime kwa mzani, kavera inadanganya. Gesi ikiwa chini ya mara tano ya makaa, na wewe uko na sigiri ya bati, gesi tayari ni rahisi kwako. Kama uko na ya udongo, lazima iwe chini ya mara tatu, na hapo ndo wengi watakuta sigiri ya udongo bado inasimama vizuri kuliko walivyofikiri. Unit ikiwa shilingi 800, kumi ni 8,000, hizo linganisha na kilo ya gesi.

Kwa umeme kuna kitu watu hawajui. Wakati bei ya kupikia ilipowekwa mwaka 2022, unit 15 za kwanza za mwezi zilikuwa bei ya chini, zinazofuata zikapanda, alafu kuanzia unit ya 81 mpaka 150 zikashuka mpaka shilingi 412. Hesabu inaanza upya kila mwezi. Kwa hiyo nyumba inayopika kwa umeme kidogo kidogo inaweza kukaa kwenye ile bei ya juu ya katikati bila kuonja ile ya kupikia, na nyumba inayopika karibu kila kitu kwa umeme ikalipa nafuu kwa kila unit. Angalia risiti ya yaka yako ya mwisho, imegawanya unit kwa bei zake.

Alafu kuna kapu, ambalo linaenda na jiko lolote. Kapu kubwa, blanketi kuukuu ama maganda makavu ya migomba yamejazwa pande zote, katikati nafasi ya sufuria. Chemsha maharage yaliyolowekwa kwa nguvu dakika 20 hadi 30, funika, ingiza kwenye kapu, funika juu na mto, nenda shamba. Joto halina pa kutokea, yanaendelea kuiva masaa. Yakitoka yachemshe tena kabla ya kula.

Kulingana na hali yako

Ukiwa mwanafunzi ama kijana wa chumba kimoja, makaa hapana, hewa ya chumba haitoshi. Soketi ikiwa nzuri presha kuka, ikiwa mbaya gesi ya kilo 6 karibu na mlango.

Familia ya watu wanane na zaidi, usitafute jiko moja. Sigiri ya udongo kwa sufuria kubwa na matoke, pembeni presha kuka ama gesi kwa kile kinachopikwa kila siku. Ukipata pesa ya kitu kimoja tu mwaka huu na mnakula maharage siku nne kwa wiki, anza na presha kuka.

Mwenye nyumba akikataa umeme wa kupikia kwenye mita ya pamoja, msigombane, chukua gesi, ama sigiri ya udongo na kapu.

Kijijini penye kuni zako mwenyewe, jenga jiko la udongo, kausha kuni, shona kapu. Hizo tatu hazitaki mkopo.

Na yule mama wa chapati. Nilirudi kwake nikakaa kwenye benchi masaa mawili nikiangalia tu. Pale barabarani hakuna soketi, kwa hiyo mambo ya kijana wa Kampala yakaisha. Pani ya chapati inataka moto mpana unaotulia, makaa yanaupa. Lakini birika la chai lilikuwa linachemka juu ya sigiri ya pili tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa nne, kila likikauka anaongeza maji. Hapo ndo gunia lake lilikuwa linakwenda, angani. Nikamwambia, mama, usinunue gesi bado. Nunua sigiri moja ya udongo ya kuweka chini ya pani, na chupa tatu kubwa za chai, chemsha mara moja, jaza, zima sigiri ya pili. Aliniuliza kama chai ya chupa wateja watasema imepoa, nikamwomba ajaribu siku tatu. Sasa sigiri ya pili inawaka asubuhi tu, na mtungi anasema ataufikiria baada ya Krismasi.